Mkono Uliofungwa Mahali Pamoja

Santuri huchongwa kwa mstari ulionyooka. Mashine inayoichonga hubeba kichwa chake juu ya reli, na kichwa hicho husogea kutoka ukingoni hadi karibu na katikati bila kwenda upande. Kinanda cha santuri cha kawaida cha nyumbani hakina reli. Kina mkono, na mkono huo umefungwa kwenye egemeo lake pembeni, kwa hiyo sindano haina njia ila kwenda kwa upinde. Kilichoandikwa kwa unyofu kinasomwa na kitu kisichoweza kwenda kwa unyofu. Nilifundisha fizikia hadi nikastaafu, na sasa hapa Kehancha, Kenya, ninatengeneza vinanda vya watu waliokataa kuvitupa. Kila ninapofungua kimoja swali hili hunirudia: kiumbe aliyefungwa mahali pamoja ana hatia gani kwa upotovu unaotokana na kufungwa kwake?

Tuwasikilize kwanza wahandisi, maana wao walilikabili swali hili wakiwa na rula mkononi. Mkono usio na mpindo wowote unaweza kuiweka sindano sambamba na mfuo uliochongwa kwenye santuri mahali pamoja tu. Kwingine kote sindano imekaa mshazari. Mwaka 1924, katika jarida la The Gramophone la Uingereza, Percy Wilson alionyesha dawa. Kipinde kichwa cha mkono kwa pembe fulani, kisha uongeze urefu kidogo hadi sindano, ukiivuta kuelekea katikati, ipitilize msumari unaoshika santuri. Kwenye Technics SL-1200MK2 ya Japani, ambayo wengi waliowahi kupiga muziki wa disko wanaijua, kutoka egemeo hadi sindano ni milimita 230, kichwa kimepindwa digrii 22, na sindano inapitiliza msumari kwa milimita 15. Ukipima hivyo, sindano inakaa sawa kabisa na mfuo katika nukta mbili. Mbili tu, katika safari nzima ya santuri kubwa. Kwingine kote inakosea, na waliotengeneza walijua hivyo, wakakiandika kiasi cha kosa kwenye kijitabu cha mashine.

Kiasi hicho ndicho kilichonifanya nikae chini na kufikiri. Kijitabu kinasema kosa halizidi digrii 2 na dakika 32 za pembe kwenye mfuo wa nje, na dakika 32 kwenye mfuo wa ndani. Kwa nini wasiligawe sawasawa? Jibu lilitoka kwa Erik Löfgren wa Sweden mwaka 1938. Aliona kwamba pembe yenyewe siyo ya kuhesabu. Cha kuhesabu ni madhara ya pembe hiyo kwa sauti. Santuri kubwa huzunguka kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho, lakini mfuo wa nje hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde, na wa ndani kwa sentimita 21 hivi. Ndani, sauti ileile imebanwa katika nafasi ndogo, na kosa dogo la pembe linaivunja vibaya. Basi kosa likubaliwe zaidi kule nje kwenye nafasi, libanwe kule ndani panapoumia.

Wapenzi wa muziki wa benga wanalijua jambo hili kwa masikio. Mzee mmoja aliniletea kutoka Ikerege kinanda cha betri na santuri ndogo za Shirati Jazz ya D.O. Misiani, ambaye alizaliwa Shirati, ng'ambo ya mpaka wetu na Tanzania, akavuma akiwa Kenya. Wimbo wa benga hufika mahali waimbaji hunyamaza na magitaa yakaanza kukimbizana. Kwa kawaida moto huo huwaka sindano ikiwa imeshafika ndani. "Mwalimu," aliniambia, "mahali ninapotaka kusimama nicheze ndipo inapoanza kukwaruza." Nilikipima kichwa cha sindano nikakuta kimelegea skrubu na kugeuka upande. Nilikirudisha, nikakipima tena kwa karatasi yenye mistari, nikakaza. Magitaa yakasikika, moja moja, juu na chini. Mzee akainuka.

Sasa niingie kanisani, kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa na mambo haya siyaachi kwenye meza ya kazi. Tangu utoto nimesikia mafundisho mawili. Moja linasema kila kupotoka ni kupotoka, kuwe kwa unywele au kwa maili, na mbele za Mungu hakuna kubwa wala ndogo. La pili, ambalo siku hizi lina watu wengi, linasema kila mmoja ana mahali alipozaliwa na desturi zake, basi asipimwe. Nje ya hayo mawili, Nikolasi wa Cusa, kardinali Mjerumani, aliandika mwaka 1440 kwamba akili ya mtu kwa ukweli ni kama umbo lenye pembe nyingi ndani ya duara: ongeza pembe upendavyo, litalikaribia duara bila kuwa duara. Ninamkubali. Lakini yeye anasema juu ya kukaribia tu, wala hasemi ni nani anayeumia katika ule upungufu uliobaki. Löfgren ndiye aliyenifundisha kuuliza hilo.

Maana anayelipia kosa la mkono siyo mkono. Sindano iliyokaa vibaya, au iliyobebeshwa uzito kupita kiasi, hukwangua kuta za mfuo. Sindano ikiisha hununuliwa nyingine. Mfuo ukikwanguliwa, sauti iliyokuwamo imeondoka, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Nasema haya nikiwa Mkuria, katika mji wa Wakuria. Likizo ndefu ya Desemba inapokaribia tunajua kinachosemwa majumbani kuhusu wasichana. Ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, na bado yupo mzee mwenye heshima zake atakayekuambia, "Mwalimu, sisi tumefungwa hapa. Egemeo letu ni hili. Usitupime kwa reli ya watu wengine." Ninamsikiliza, na sehemu ya kwanza ya maneno yake ni kweli kabisa. Hatukuchagua tulipozaliwa, wala hakuna mtu aliyezaliwa kwenye reli, hata hao wanaokuja na magari makubwa kutuhubiria. Lakini Wilson hakusema upinde ndio asili ya mkono, basi santuri ivumilie. Aliukunja mkono. Egemeo likabaki palepale na kichwa kikageuzwa. Kufungwa mahali pamoja kunaeleza kwa nini tunakosea. Hakuwezi kumpa mtu ruhusa ya kuliacha kosa liangukie msichana wa miaka kumi na mitatu, ambaye ndiye mfuo wa ndani kuliko yote.

Kuna jambo jingine ambalo wanamageuzi wenzangu hawapendi kulisikia. Kile kichwa kilichopindwa kinazaa shida yake. Kwa sababu ya ule mpindo, msuguano wa sindano na santuri huuvuta mkono kuelekea katikati, na sindano huegemea ukuta mmoja wa mfuo kuliko mwingine. Kwenye mkono wa SME 3009 wa Uingereza utaona uzi mwembamba wenye kijiwe kidogo kinachoning'inia. Kazi yake ni kuuvuta mkono kinyume, kwa nguvu ndogo sana. Aliyejirekebisha ana mvuto mpya ambao hakuwa nao kabla. Nimewaona watu waliotoka kwenye desturi mbaya wakageuka kuwa wakali kwa mama zao, wakawakana hadharani, wakakataa hata kula nao. Walinyoosha pembe wakasahau kijiwe.

Pasta wetu, ambaye huja kukaa dukani kwangu jioni, ana pingamizi, na ni pingamizi zuri. Anasema upo mkono usiopinda. Ni kweli: mwaka 1972 kampuni ya Bang & Olufsen ya Denmark ilitoa Beogram 4000, ambayo mkono wake hausogei kwa upinde bali husafiri mzima mzima juu ya reli, kama ile mashine ya kuchongea. "Hiyo ndiyo neema, Mwalimu," ananiambia. "Tunaondolewa kwenye egemeo la kale, tunawekwa kwenye reli."

Nilimweleza jinsi mkono ule unavyofanya kazi. Sindano ikisogea ndani na mkono ukianza kupinda hata kidogo, jicho la umeme huona ile pembe, na injini ndogo husogeza egemeo mbele hadi pembe iishe. Kisha inapinda tena, inasogezwa tena, hadi mwisho wa santuri. Hata mkono wa reli hauna habari ya njia iliyonyooka mpaka kwanza ukosee. Unyofu wake wote umetengenezwa kwa makosa madogo yaliyoonekana mapema.

Pasta anashikilia kwamba neema inatangulia kosa, mimi ninashikilia kwamba inaliona upesi. Hilo hatujalimaliza. Ila nimemwomba jambo moja, naye amekubali: mahubiri ya Novemba, ambayo kila mwaka huanza na ulevi na mavazi na kuchelewa ibada, mwaka huu yaanze na wasichana, na wazazi wao wakiwa wamekaa viti vya mbele.