Rangi na Ubao

Katika maduka ya Gerezani na Kariakoo, mjini Dar es Salaam, rangi huuzwa kwa makopo, na kopo halijui liendako. Moja huchukuliwa likapakwe ukuta wa nyumba, jingine mlango wa duka, na jingine huteremka mpaka Feri, penye soko la samaki karibu na mlango wa bandari, likapakwe ubavuni mwa mashua. Mwenye duka haulizi rangi yake itafunika nini. Yeye huuza mng'ao, na mng'ao ni mali halali. Lakini mtu aliyesimama mbele ya chombo, brashi mkononi, hawezi kulikwepa swali ambalo mwenye duka hakuliuliza. Swali lenyewe ni fupi: apakaye rangi chombo chake, je, anakitunza au anakificha?

Swali hili si la mapambo. Ubao wa mashua ni kitu chembamba kilicho baina ya uhai wa mtu na maji mengi, na mtu apandapo chomboni haoni ubao, huona rangi. Basi kila apandaye huamini jambo ambalo hakulipima, na kila apakaye rangi huaminiwa na watu asiowajua.

Kazi yenyewe, ifanywapo kama ipasavyo, ina taratibu zake. Maji ya bamvua hungojewa, chombo kikasogezwa juu ya mchanga pahali ambapo maji ya siku zifuatazo hayatakifikia. Hapo huegemezwa kwa magogo, kikaoshwa kwa maji matamu ili chumvi iondoke, maana chumvi huvuta unyevu, na rangi haishiki juu ya unyevu. Kikiisha kukauka, rangi ya zamani iliyobambuka hukwanguliwa, na mbao hugongwa moja moja kwa nyundo. Ubao mzima hulia, na ubao mbovu hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Palipooza hukatwa na kutiwa ubao mpya. Nafasi zilizo baina ya mbao hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Msasa hupitishwa; rangi ya kwanza, isiyong'aa, hupakwa ili ishikane na mti; na baada ya hayo yote ndipo huja rangi ya mafuta ing'aayo, tabaka mbili nyembamba, kwa siku isiyo na vumbi la upepo wala jua la kuunguza. Kwa hivi, katika kazi ya siku nyingi, mng'ao ni kazi ya saa chache za mwisho. Mtazamaji aliye ufukoni huziona saa hizo chache tu.

Kwa sababu hiyo wako watu waishukuo rangi. Husema kwamba uzuri wa mkakasi ni wa nje, na ndani mna kipande cha mti. Tena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hoja yao ina nguvu. Katika mapokeo ya Kiislamu yamo masimulizi ya Mtume Muhammad alipopita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, na vidole vyake vikakuta umaji chini ya ukavu. Mwenye nafaka alieleza kuwa mvua iliinyeshea. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuuweka umaji chini na ukavu juu, mnunuzi asiuone. Masimulizi hayo yangeweza kuwa ya Kariakoo, penye magunia ya maharage yaliyofunguliwa midomo, na yangeweza kuwa ya Feri, penye mashua iliyopakwa rangi jana. Mwenye chombo hakuumba ubovu wa ubao. Bahari iliufanya, na umri uliufanya. Lakini kuuweka ubovu chini na mng'ao juu ni tendo lake mwenyewe.

Wengine huitetea rangi, na hoja yao si dhaifu. Chombo kisichopakwa kitu hufa mapema. Jua hupasua mbao, maji ya mvua hukaa katika nyufa yakaozesha mti, na chini ya mstari wa maji wadudu wa baharini hutoboa. Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla ya makopo ya madukani: walizipaka mbao za juu sifa, yaani mafuta ya samaki, na sehemu ya chini waliipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Kuna fundisho katika neno hilo la kwanza. Lugha ya Kiswahili huita kwa neno moja mafuta yalindayo mti na maneno mema yasemwayo juu ya mtu. Sifa ya chombo huingia ndani ya mti. Haing'ai sana, na harufu yake si ya kupendeza, lakini hudumu kwa kuwa imezama. Rangi hukaa juu. Hata hivyo, kukaa juu si kosa la rangi. Ngozi nayo hukaa juu ya nyama, na hapana mtu aiitaye ngozi uongo.

Tena mng'ao wenyewe una kazi. Rangi ing'aayo ina mafuta au gundi nyingi kupita unga wa rangi, na ikikauka uso wake huwa laini, maji yakateleza bila ya kupata pa kukaa. Laini hiyo haimsamehi fundi mvivu. Juu ya rangi isiyong'aa, kovu la msasa mbaya hupotea. Juu ya rangi ing'aayo, mwangaza huvunjika palepale, na kila shimo na kila mchirizi hutangazwa mchana kweupe. Kwa hivyo mtu hawezi kusema kwa haraka kwamba mng'ao huficha. Huficha ubovu, walakini hufichua uvivu.

Pande zote mbili zikiisha kusikilizwa, hubaki jambo moja ambalo mng'ao hauwezi kulitangaza kamwe, nalo ni uharibifu ulio ndani. Mdudu wa baharini atoboaye mbao huingia akiwa mdogo sana, kwa tundu lililo kama ncha ya sindano, kisha hukua ndani ya mti na kuula huku uso wake ukibaki mzima. Ubao wa namna hiyo waweza kupakwa rangi iliyo bora kabisa, kwa mkono ulio hodari kabisa, na ukapendeza. Kwa jicho, mashua hiyo na mashua iliyo nzima ni ndugu mapacha. Rangi imetoka katika duka moja, labda hata katika kopo moja. Basi tofauti ya matendo hayo mawili haiwezi kutafutwa katika rangi, wala katika ubao. Imo katika ujuzi wa mtu aliyegonga kwa nyundo akasikia, kisha akanyamaza. Asiyejua amekosea, ajuaye na kufunika amedhulumu.

Yapo mambo, hata hivyo, ambayo hukumu yake si nyepesi. Na afikiriwe mwenye mashua maskini, ambaye fedha yake yatosha kununua ubao au rangi, lakini haitoshi vyote viwili. Akinunua ubao, mashua itakuwa nzima na mbaya wa sura. Mabaharia wataidharau, mpangaji atapunguza bei, na abiria watakwenda kwa jirani. Akinunua rangi, mashua itapata kazi, na kwa pato la kazi hiyo anakusudia kununua ubao mwezi ujao. Mtu huyu si mwovu. Anafanya hesabu, na hesabu yake ni ya watu wote ambao riziki yao haikutangulia mahitaji yao.

Kosa la hesabu hiyo ni kwamba ndani yake umo mkopo usiotajwa. Mpaka ubao utakaponunuliwa, mtu huyu anaishi kwa kukopa, na anaowakopa hawajui kuwa wamekopesha. Kama angesafiri peke yake angekuwa ameweka rehani roho yake, na huo ungekuwa ujinga au ushujaa. Lakini ameweka rehani roho za wengine bila ya kuwauliza, na jambo hilo umaskini hauwezi kulihalalisha, kwa kuwa wengi wa hao wapandao ni maskini kama yeye. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na baharini hapana muda wa kujenga ukuta.

Walakini lawama isimwangukie yeye peke yake. Husemwa kwamba kizuri chajiuza, na msemo huo ni kweli kwa mnunuzi kama ulivyo kwa bidhaa. Watu wanunuao kwa macho huwafundisha wauzaji kuuza kwa macho. Abiria aipitaye mashua nzima iliyopauka akaingia katika mashua mbovu ing'aayo amelipa nauli, na pamoja na nauli amelipa thawabu kwa udanganyifu. Akifanya hivyo kila siku, pamoja na wenzake mia, mwenye mashua mwaminifu atafilisika, na bandari itabaki na rangi tupu.

Amebaki fundi. Yeye husema kwamba aliajiriwa kupaka, hakuajiriwa kukagua. Kwamba tajiri ameiona nyundo ikigonga na amesema endelea. Na kwamba akikataa, mwingine ataishika brashi kabla haijakauka. Maneno hayo ni kweli yote. Fundi akataaye hupoteza ujira wa siku, na pengine hupoteza jina kwa matajiri. Maadili yasiyokiri gharama yake ni rangi pia. Lakini gharama si hoja ya kufuta deni. Ajira humpa tajiri mikono ya fundi kwa siku kadhaa. Haimpi masikio yaliyousikia ubao. Ujuzi huo ni amana ya wale watakaopanda, na fundi asiyeweza kulizuia brashi la mwingine bado ana ulimi.

Historia ya bahari ina mfano wa rangi iliyotakiwa kusema kweli. Katika karne ya 19, Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, alipigania mabaharia waliopelekwa baharini katika meli chakavu zilizopakiwa kupita kiasi. Sheria ya mwaka 1876 ikaamuru alama ipakwe ubavuni mwa meli: duara lenye mstari uliolikata katikati, kuonyesha mwisho wa kuzama kwake chini ya mzigo. Lakini sheria hiyo ilimwachia mwenye meli achague pahali pa kuipaka. Haikuwa mpaka miaka ya 1890 ndipo sheria ilipoweka pahali pake. Kwa zaidi ya miaka kumi alama ya ukweli ilipangwa na mtu yule yule ambaye faida yake ilikuwa katika uongo.

Na hata alama iliyopakwa pahali pake haina mikono ya kumzuia mtu. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu wengi kupita idadi iliyoruhusiwa. Tume ya uchunguzi ilieleza kuwa waliokuwamo walizidi 2,000, na waliokufa na kupotea walizidi 1,500. Rangi yaweza kushuhudia. Haiwezi kutii badala ya watu.

Kopo lililoachwa Gerezani, lile lililokwenda ukutani, nalo lina hadithi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa la biashara lilianguka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Mpita njia wa asubuhi ile aliona maduka, vitambaa na rangi. Hakuwa na jicho la kuona nguzo kupitia ukuta, wala hakuwa na wajibu wa kuwa nalo. Mjini, kama baharini, watu hukaa ndani ya kazi za mikono ya wengine, na huziona kwa nje tu.

Kwa hiyo rangi si pambo wala si uongo. Ni ahadi: apakaye huwaambia wasioona kwamba chini yake mna kitu kinachostahili kulindwa. Kipimo cha ahadi hiyo ni chepesi, na kila fundi na kila tajiri aweza kujipima kabla ya kufungua kopo. Na ajiulize kama angempandisha mwanawe katika chombo hiki, usiku, wakati wa kusi. Akiweza kujibu ndiyo, na apake, tena king'ae sana, kwa maana uzuri juu ya uzima ni heshima kwa wapandao. Akisita, na aiweke brashi chini akashike nyundo. Bamvua litarudi kukichukua chombo, na maji hayatauliza rangi, yatauliza ubao.