Mikono Iliyokesha

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 1:15–21, Mwanzo 24:59, 35:8, Ezekieli 16:4–6, Mathayo 12:9–13, Luka 17:11–19, Warumi 16:1–4.

Fungu la kukariri: Warumi 16:4. Darasa lote lilisome kwa pamoja.

Mtoto alizaliwa akiwa na majuma 30 tu, na uzito wake ulikuwa kilo moja na robo. Anayezaliwa kabla ya kutimiza majuma 37 huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati, na anayezaliwa na chini ya kilo mbili na nusu huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Huyu alikuwa nusu ya kipimo hicho. Baba yake, mwashi na mshiriki mwaminifu wa kanisa, alimwona kwa mara ya kwanza kupitia kioo cha wodi ya watoto njiti, akageukia ukutani asionekane akilia.

Mama na mtoto walikaa wodini majuma saba. Siku ya Sabato ya shukrani baba alisimama mbele ya kanisa na mtoto mikononi, akashuhudia kwamba aliyemponya ni Bwana peke yake, akatoa sadaka. Kanisa likaitika amina. Walipokuwa njiani kurudi nyumbani mkewe akamwuliza, “Baba, mbona hukuwataja wale manesi?”

Akajibu, “Utukufu ni wa Mungu, mama.”

“Ni wa Mungu, kweli. Lakini saa nane usiku, Mungu alikuwa akimlisha mtoto kwa mikono ya nani?”

Baba hakuwa na jibu. Aligundua kwamba anaukumbuka uzito wa mtoto wa kila juma, gramu kwa gramu, lakini hajui jina la muuguzi hata mmoja.

Kazi ya Saa za Usiku

Soma Ezekieli 16:4–6. Ni mambo gani ambayo mtoto huyu mchanga hakufanyiwa? Ni nani aliyemhurumia?

Nabii anaeleza habari za Yerusalemu kwa mfano wa mtoto aliyetupwa kondeni. Kitovu hakikukatwa, hakuogeshwa, hakusuguliwa chumvi, hakuvikwa nguo za kitoto. Hayo yote ni kazi ya mkunga na mlezi. Hakuna aliyeifanya, ndipo Mungu mwenyewe akapita, akamwona katika damu yake, akamwamuru aishi. Mungu hakuona haya kujifananisha na mtu anayesimama karibu na kichanga asiye na msaada.

Mtoto njiti anahitaji mtu wa namna hiyo kila saa. Mwili wake hauna mafuta ya kutosha chini ya ngozi, kwa hiyo hupoa upesi. Hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, kwa hiyo maziwa ya mama hukamuliwa na kupitishwa kidogo kidogo kwenye mrija. Mara nyingine husahau kupumua, na muuguzi humkumbusha kwa kumsugua unyayo au mgongo. Muuguzi ndiye anayemfundisha mama kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na inayowasaidia watoto wengi njiti hata mahali penye vifaa vichache.

Kazi hii haisimami jua linapozama Ijumaa. Soma Mathayo 12:9–13. Yesu aliuliza ni nani asiyemwopoa kondoo wake aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, akaonyesha jinsi mtu alivyo na thamani kuliko kondoo. Muuguzi aliye zamuni Sabato asubuhi, huku wenzake wakiimba kanisani, anatenda mema ambayo Bwana wa Sabato aliyahalalisha.

Majina Mawili

Soma Kutoka 1:15–21. Ni akina nani wanaotajwa kwa majina katika habari hii, na ni nani asiyetajwa?

Mfalme wa Misri alikuwa na majeshi na miji ya akiba. Hata hivyo, kitabu cha Kutoka hakitaji jina lake. Kinataja majina ya wazalisha wawili, Shifra na Pua, waliomcha Mungu na kuwahifadhi hai watoto wa kiume. Mungu akawatendea mema. Katika maandiko yake Bwana ametunza majina ya wanawake ambao wazazi wengi waliosaidiwa nao huenda waliwasahau.

Je, Kumshukuru Mtu Ni Kumpunguzia Mungu Utukufu?

Hofu ya yule baba ilikuwa na msingi. Wapo wanaomsifu daktari na kumsahau Muumba. Lakini soma Warumi 16:1–4. Paulo, aliyefundisha kuliko wengi kwamba wokovu ni kwa neema tupu, anawasifu watu kwa majina. Fibi amewasaidia wengi. Priska na Akila walihatarisha maisha yao kwa ajili yake, naye anasema waziwazi kwamba anawashukuru, na makanisa ya Mataifa yanawashukuru pia. Kwa Paulo, shukrani kwa Mungu na shukrani kwa watumishi wake haziko kwenye mizani moja, hata ya huku ikipanda ya kule ishuke.

Soma pia Luka 17:11–19. Wakoma wote kumi walipokea uponyaji, na bila shaka wote walifurahi. Tofauti ya yule Msamaria ni kwamba aligeuka akarudi. Furaha inaweza kubaki moyoni. Shukrani humrudisha mtu kwa yule aliyemtendea wema.

Kitanda cha Jirani

Kuna jambo lingine ambalo baba alilisikia kwa mkewe. Mama wa kitanda cha pili aliondoka wodini mikono mitupu. Naye alikuwa ameomba, na kanisa lake lilikuwa limefunga. Usiku ule muuguzi alimwogesha mtoto aliyekufa kwa uangalifu uleule aliowaogeshea walio hai, akamfunga katika kanga safi, akamwuliza mama jina la mtoto, kisha akakaa naye mpaka kulipokucha.

Soma Mwanzo 24:59 na 35:8. Debora, mlezi wa Rebeka, alitoka na bibi yake kwao. Alipokufa akazikwa chini ya mwaloni, na mti ule ukaitwa mwaloni wa kilio. Nyumba ya Yakobo ilijua thamani ya mlezi. Wema wa mlezi haupimwi kwa matokeo peke yake. Kama shukrani ingekuwa ya wazazi waliorudi na mtoto tu, yule mama wa kitanda cha pili asingekuwa na la kusema. Lakini miezi mingi baadaye ni yeye aliyetuma salamu wodini, kabla ya yule baba kukumbuka.

Kurudi

Jumatatu baba na mama walirudi hospitalini na mtoto, sabuni, sukari na barua fupi. Baba alikuwa amejiandaa kueleza wao ni akina nani. Muuguzi aliyekuwa mlangoni alimpokea mtoto, akamtazama, akasema, “Huyu ni wetu wa dirishani. Alikuwa anasahau kupumua.” Baba akamwomba jina lake na majina ya wenzake wote wa zamu za usiku, akayaandika mwanzoni mwa Biblia yake. Tangu siku hiyo yanatajwa katika ibada ya familia, jioni baada ya jioni.

Maswali ya Kujadili

1. Ni nani aliyekuhudumia wewe au mtoto wako wakati wa udhaifu, nawe hujawahi kurudi kumshukuru? Ni nini kilichokuzuia?

2. Katika shuhuda za kanisa lenu, watu ambao Mungu aliwatumia hutajwa? Mnawezaje kuwataja bila kumwondolea Mungu utukufu?

3. Mzazi aliyefiwa anapoketi darasani wakati wengine wanashuhudia uponyaji, maneno gani humjenga, na yapi humwumiza?

4. Juma hili, darasa lenu linaweza kufanya nini kwa ajili ya wauguzi wa hospitali au zahanati iliyo karibu, hasa wale wa zamu ya usiku?