Baada ya Mbio 39



Naanza kwa kukiri kosa. Juni 2024 niliihama timu, na nilipotafuta sababu ya kuihama nikaenda kuiazima kwenye dini.

Wengi wetu hapa Mbarara hatukuwa tunaijua kriketi mpaka timu ya taifa ya Uganda, Cricket Cranes, ilipofuzu Kombe la Dunia la ova 20 mwishoni mwa 2023 na kuiacha Zimbabwe nje. Ghafla hosteli nzima ikajaa wataalamu. Mimi niliyekulia Nakivale, nikipiga mpira wa makaratasi pale Base Camp na watoto wa Kikongo, Kirundi na Kisomali, nilijifunza maana ya wiketi kwa siku mbili kwenye simu, na siku ya tatu nikawa nawafundisha wengine. Mechi zetu tatu za kwanza zilichezwa Guyana, kwa hiyo kwetu zilikuwa usiku wa manane. Simu iliyoshindwa miezi mingapi kuniamsha kwa tahajudi iliniamsha kwa kriketi bila shida. Hilo nalo lina hesabu yake.

Mechi ya kwanza Afghanistan walitufunga kwa tofauti ya mbio 125. Ya pili tuliishinda Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, alirusha ova nne akatoa mbio 4 tu na kuchukua wiketi mbili. Tulipiga takbira kwenye korido hadi mlinzi akaja. Ya tatu ilikuwa West Indies. Walipata mbio 173. Niliporudi kutoka kusali Alfajiri mechi ilikuwa imekwisha: Uganda wote wametoka kwa mbio 39, sawa na idadi ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano yale, waliyoiweka Uholanzi mwaka 2014.

Asubuhi ile, kwenye kundi letu la WhatsApp, mmoja akaandika kwamba kuanzia leo sisi ni Afghanistan, maana ni ndugu zetu Waislamu. Nikaweka dole gumba. New Zealand walipotutoa kwa mbio 40 mimi nilikuwa nimelala.

Sasa tuliangalie jambo hili kwa uadilifu. Kuwapenda Waafghani si vibaya. Kriketi yao ilikulia kwenye kambi za wakimbizi kule Pakistan, na mtoto wa Nakivale ana haki zaidi ya wengi ya kufurahi akiwaona wanafika mbali. Lakini walikuwa Waislamu pia usiku ule walipotufunga, na usiku ule sikuwashangilia. Uislamu wao ulinijia akilini baada ya mbio 39. Tena kikosi cha Uganda chenyewe kilikuwa na akina Juma Miyagi na Riazat Ali Shah, majina ambayo hayakunisaidia kitu. Kwa hiyo sikuhama kwa ajili ya udugu. Nilihama kwa sababu ya aibu, kisha nikaivisha aibu kanzu.

Nilipolieleza hili kwa rafiki yangu tunayesoma naye, alinikumbusha aya ya 141 ya Suratun-Nisaa, inayowaeleza watu wanaosubiri: waumini wakipata ushindi wao huja kudai kwamba walikuwa pamoja nao, na upande wa pili ukipata fungu huenda huko na madai mengine. Nilimwambia ana haraka. Aya ile inazungumzia imani na unafiki, na kumpima kwayo kijana aliyebadilisha jezi ni kufanya kiyasi baina ya vitu visivyofanana. Aliyehama timu hakuvunja ahadi yoyote, kwa kuwa hakuna aliyempa. Bado ninasimama hapo. Ila nilirudi chumbani nikijua kwamba ule mwendo, wa kungoja nione nani anashinda ndipo niseme mimi ni wa nani, miguu yangu inaufahamu.

Kisa kilichonifaa zaidi ni cha ngamia. Anas (r.a.) amesimulia, na Bukhari amepokea, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Al-Adhbaa ambaye alikuwa hashindwi mbio. Akaja Bedui juu ya ngamia mdogo, akamshinda. Jambo hilo likawa zito kwa Waislamu. Hebu waone: Masahaba, watu waliokwishaona vita na njaa, wamenuna kwa sababu ngamia wao kapitwa! Mtume hakuwakaripia kwa kuumia. Hakumtia dosari Bedui, wala hakutafuta udhuru kwamba njia ilikuwa mbaya. Aliwaeleza kwamba ni haki juu ya Allah kutokukiinua kitu cha dunia ila hukishusha. Na ngamia huyohuyo ndiye Hirmas bin Ziyad, katika Sunan Abi Dawud, anaeleza kuwa alimwona Mtume juu yake akiwahutubia watu Mina siku ya kuchinja. Hakuna aliyemwona Al-Adhbaa hafai.

Baba yangu hajui kriketi. Yeye ni wa Leopards ya Kongo. Februari 2024, kwenye nusu fainali ya Kombe la Afrika, wachezaji wale walisimama wakati wa wimbo wa taifa wakiwa wameziba midomo kwa mkono mmoja na vidole viwili vya mkono wa pili kichwani kama bastola, kwa ajili ya watu wa mashariki. Kibanda cha video kilinyamaza kabisa. Kisha Côte d'Ivoire wakashinda 1–0. Kesho yake baba alitoka na jezi ileile kwenda kwenye foleni ya posho, na jirani yetu Mrundi akamtania njia nzima. Jioni nikamuuliza, kwa utani uliozidi mipaka: baba, nchi umeiacha, timu unaishikilia ya nini?

Akasema, "Mwanangu, nchi nilitoka kwa ajili ya risasi. Timu imenikosea nini?"

Sikuwa na jibu. Miezi minne baadaye nikaweka lile dole gumba.

Sisemi kila anayebaki ana sifa. Yupo anayebaki na timu hadi kumtukana mwenzake na kupigana stendi, na hiyo ndiyo asabia. Katika Sunan Ibn Majah imepokewa, na wanazuoni wameizungumzia sanadi yake, kwamba Mtume aliulizwa kama mtu kuwapenda watu wake ni asabia, akakana, akaeleza kuwa asabia ni kuwasaidia katika dhulma. Yupo pia anayebaki kwa sababu ameweka pesa ya kamari. Huyo kwangu hana timu, ana tiketi. Na anayeacha mpira wote ili Alfajiri isimpite, huyo simwiti mhaini.

Afghanistan wenyewe walifika nusu fainali, wakatolewa na Afrika Kusini kwa mbio 56. Kundi letu likanyamaza. Hakukuwa na ndugu wengine wa kuhamia.

Mwaka 2025 Uganda walikwenda Harare kutafuta tena nafasi ya Kombe la Dunia la 2026. Wakafuzu Namibia na Zimbabwe. Niliyafuata matokeo kwenye simu nikiwa Nakivale, mtandao ukija na kuondoka, na kila mechi niliyaandika kwenye lile kundi. Watu wawili walisoma. Mmoja akauliza kama Nsubuga bado anacheza.