Kusomea saikolojia: Ni kufuata wasioamini, au ni faradhi tuliyoitelekeza?

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na vyuo vikuu kufungua dirisha la maombi, sisi tunaofundisha Maarifa ya Uislamu tunageuka washauri wa mambo ambayo hatukuajiriwa kuyashauri. Vijana wa hapa Ihanda na vijiji vya jirani wanakuja na matokeo yao. Wengi wanauliza kama pointi zinatosha na kama mkopo utapatikana. Safari hii binti mmoja aliyesoma HGL aliuliza jambo jingine: "Ustadh, nikiomba saikolojia nitakuwa nimemuasi Allah?"

Jamaa yake mmoja alikuwa amemwambia kuwa hiyo ni elimu ya watu wanaokanusha roho. Baba yake naye, mkulima wa kahawa, alikuwa na neno lake: "Yaani nikusomeshe ukasomee wendawazimu?" Sababu zilizomfanya binti aitake elimu hiyo ni za nyumbani kwao na hazihusu gazeti. Swali lake, hata hivyo, linatuhusu sote.

Ndugu msomaji, tusiharakishe kumcheka yule jamaa. Hofu yake ina msingi. Sigmund Freud aliandika kitabu kizima mwaka 1927 kudai kuwa dini ni ndoto ya binadamu anayetafuta baba wa kumlinda. Baada yake wakaja akina Watson na Skinner huko Marekani, waliotaka mwanadamu asomwe kwa matendo yake yanayoonekana tu, kama anavyosomwa panya au njiwa. Muislamu anayesoma katika Suratu Shams kwamba Allah (s.w.) anaapa kwa nafsi na kwa Aliyeilinganisha hawezi kuyameza hayo bila kutafuna.

Lakini kuna mtu aliyeliona hilo kabla yetu, tena akiwa ndani ya fani yenyewe. Malik Badri, msomi wa Sudan aliyefariki mwaka 2021, alipata shahada yake ya udaktari wa falsafa Uingereza na akawatibu wagonjwa kwa mikono yake. Mwaka 1975 aliwaambia wanasaikolojia wenzake Waislamu kuwa wamo ndani ya shimo la kenge, akiashiria ile hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuhusu umma huu kuwafuata waliotangulia hata wakiingia humo. Mwaka 1979 akatoa kitabu juu ya mtego huo. Je, baada ya maneno makali namna hiyo aliwaambia vijana wa Kiislamu waikimbie saikolojia? Hapana. Aliendelea kuifundisha mpaka uzeeni. Alichokataa ni kumeza kila kitu, na alikataa vilevile kutupa kila kitu.

Badri huyohuyo ndiye aliyetafsiri kwa Kiingereza kazi ya Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa karne ya tatu na ya nne Hijria. Al-Balkhi aliandika kitabu chenye sehemu mbili, moja ya afya ya mwili na nyingine ya afya ya nafsi. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na ile inayomjia mtu bila yeye kujua imetoka wapi. Alishauri mtu ajiwekee mawazo mema akiwa mzima, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Huyu alikufa mwaka 934, zaidi ya miaka mia tisa kabla ya Freud kuzaliwa. Kwa hiyo anayesema elimu ya nafsi imeletwa na makafiri anawapa makafiri zawadi ambayo hawakuiomba.

Nitatoa mfano kutoka katika kazi yangu. Nimewahi kuwa na mwanafunzi, si wa hapa, aliyekuwa akitawadha mpaka wenzake wanatoa salamu. Ataosha mkono, atatia shaka, ataurudia. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa maji. Alikuja kuniuliza hukumu, nami nikampa hukumu iliyo wazi katika fiq-hi: shaka haivunji yakini, mwenye wasiwasi apuuze na aendelee na swala yake. Ni hukumu sahihi na ningeitoa tena leo. Naye aliijua! Angeweza kunitajia na dalili zake. Tatizo lake halikuwa kutojua. Kila alipojaribu kupuuza, kifua kilimbana mpaka akarudi kwenye bomba.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alieleza namna ya kuwasaidia watu wa aina hii. Mgonjwa anakutanishwa na kile anachokihofia, kisha anasaidiwa kujizuia asirudie kuosha, hadi hofu ipungue yenyewe. Angalia jambo la ajabu hapa. Wanazuoni wetu walishasema apuuze, na tiba nayo inasema apuuze. Tofauti ni kwamba tiba inampatia mtu wa kukaa naye wakati anapuuza, leo dakika tano, kesho kumi, kwa wiki kadhaa. Ustadh mwenye wanafunzi sitini na vipindi vya asubuhi hadi jioni hana nafasi hiyo, wala hakufundishwa jinsi ya kuifanya kazi hiyo bila kumuumiza mtu.

Sisemi kwamba ruqya haina nafasi. Qur'an ni shifaa na majini wapo. Ninachosema ni kuwa hapa kwetu kila asiyelala, kila anayelia bila sababu, kila aliyejifungia chumbani, anapelekwa mlango mmoja tu, na mlango huo ukishindwa anapelekwa kwa mganga. Zipo familia ambazo kahawa ya misimu miwili imekwisha kwa waganga, wa upande huu na wa ng'ambo ya mpaka pale Tunduma. Wapo wanaokuja kukumbuka Mirembe baadaye sana, na kutoka hapa hadi Dodoma ni safari ya kutwa nzima kwa basi.

Imamu Ghazali, katika kitabu cha elimu cha Ihyaa, aliwalaumu watu wa zama zake kwa jambo linalofanana na hili. Utabibu ni faradhi ya kutosheleza, mji ukikosa tabibu wote wana dhambi, lakini aliona miji isiyo na tabibu Muislamu huku watu wakisongamana kwenye fiq-hi. Ghazali alikuwa mwanafiq-hi mwenyewe, si mtu wa kuidharau. Aliona tu kwamba pengo lipo upande mwingine. Kwa kipimo hicho, jibu langu kwa binti yule lilikuwa fupi: hujaasi, na huenda ukatuondolea dhambi sisi.

Sasa tuje kwa mzee wa kahawa, kwani kwangu mimi swali lake ni zito kuliko la jamaa. Nyuma ya ule ukali kulikuwa na swali, nani atamwajiri? Na hili nalo ni la kidini, maana mkopo wa elimu ya juu ni deni, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka liishe. Tusimdanganye. Shahada ya kwanza ya saikolojia haimfanyi mtu kuwa tabibu. Daktari wa magonjwa ya akili huanzia kwenye udaktari, na mwanasaikolojia tiba huhitaji shahada ya uzamili, kama ile ya Muhimbili. Kozi zilizopo Dar es Salaam na Dodoma za ualimu katika saikolojia zinawatoa wengi kuwa walimu. Binafsi siioni kuwa hasara. Mwalimu anayejua kumtambua mtoto aliyevunjika moyo ana thamani katika shule yoyote ya Songwe. Lakini mzee ana haki ya kuyajua hayo kabla ya kuuza gunia, si baada.

Binti naye nilimuuliza jambo moja. Tangu 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja chuoni, na wengi wanajaza saikolojia kama chaguo la kuzibia nafasi. Je, yuko tayari kubeba siri? Ihanda ni ndogo. Mtu akikueleza lake asubuhi, jioni utakutana naye sokoni pamoja na shemeji yake. Anayeingia fani hii kwa kiu ya kujua ya watu amebeba ghiba yenye cheti. Alinyamaza muda mrefu kabla ya kujibu, na nilikipenda kile kimya kuliko jibu lenyewe.

Limebaki la kwetu. Ikiwa ni faradhi ya kutosheleza, kwa nini gharama iwe ya mkulima mmoja? Tunachangishana kwa mnara, kwa zulia, kwa vipaza sauti. Kamati ya msikiti wetu inakutana Ijumaa baada ya swala, na nimeomba suala la nauli na ada ya usajili ya binti huyu liingizwe kwenye ajenda. Katibu amekubali. Limewekwa la mwisho, baada ya mabati.