HURUMA IWE NA MAARIFA

Masomo: Mithali 12:10, Marko 10:46–52, Wafilipi 1:9



Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa Filipi, aliwaombea upendo wao uzidi kukua. Lakini hakuishia hapo. Aliomba ukue pamoja na ujuzi na akili ya kupambanua. Mithali nayo yatufundisha kwamba mtu wa haki huangalia hali ya mnyama wake, bali mtu mbaya hata akihurumia, huruma yake huumiza. Mtu mwema naye, asipojua alitendalo, aweza kufika pale pale. Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa kiumbe ambaye wengi wetu hatumpendi, yaani nyoka.

Huko Marekani na Kanada yuko nyoka mdogo aitwaye gata. Jina hilo ni la ukanda ambao watu wa zamani walifungia soksi zisiteremke, maana nyoka huyu ana mistari mirefu, mara nyingi ya manjano, toka shingoni hata mkiani. Hula nyungunyungu, vyura na samaki wadogo. Mate yake yana sumu hafifu, isiyo na hatari kubwa kwa mtu. Akishikwa hutoa harufu mbaya. Kwa kuwa huishi karibu na bustani, mara nyingi hukatwa na mashine za kukatia majani, hunaswa katika nyavu za kufunikia matunda, au hurarulewa na paka. Ndipo mtu mwenye moyo mzuri humwokota na kumpeleka nyumbani ili amponye.

Hapo huanza hatari ya pili. Mtu huyo humpa maziwa na mkate, kwa sababu ndivyo ambavyo yeye mwenyewe angempa mgonjwa. Lakini nyoka hali mkate, wala maziwa si chakula chake. Mwingine hununua wale samaki wekundu wa mapambo, akamlisha hao kila siku. Samaki hao wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Siku zikipita, nyoka huanza kutetemeka na kujipindapinda, na mwisho hufa, tumbo lake limejaa. Mwingine tena humlisha mara moja, nyoka akiwa bado ana baridi. Nyoka hana joto la mwili wake mwenyewe kama sisi. Akiwa na baridi, chakula hakisagiki, huoza tumboni. Wote hawa walimhurumia, na hakuna aliyeuliza nyoka huishije.

Wanaojua kazi hii hawaanzi na chakula. Humweka katika sanduku lenye kifuniko na matundu madogo, mahali patulivu. Hutia joto upande mmoja tu, ili nyoka achague mwenyewe kusogea au kuondoka. Humwekea maji safi. Humpeleka kwa daktari wa mifugo au kwa mtu mwenye kibali, maana mahali pengi sheria hairuhusu mtu yeyote tu kufuga mnyama wa porini. Tena jeraha la jino la paka, hata likionekana dogo, huhitaji dawa. Baadaye humpa nyungunyungu. Akikataa, huachwa kwanza, kwani nyoka mzima aweza kukaa siku nyingi bila kula. Kila wakimgusa hunawa mikono kwa sabuni. Na akipona, humrudisha karibu na pale alipookotwa, kabla ya majira ya baridi, maana huko ndiko anakojua maficho yake.

Katika jimbo la Manitoba, Kanada, pako mahali paitwapo Narcisse, ambapo nyoka hawa hukusanyika kwa makumi ya maelfu katika mashimo ya mawe ya chokaa. Walikuwa wakipondwa kwa wingi barabarani wakienda na kurudi. Watu wa huko hawakuwachukua nyumbani kuwalea. Walijenga njia chini ya barabara, na uzio wa kuwaelekeza, kwa sababu nyoka hao walihitaji kuvuka tu.

Nisieleweke vibaya. Huku kwetu tunao kifutu, swila na koboko. Mtu asimguse nyoka aliyejeruhiwa, hata akidhani amekwisha kufa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Kwa hiyo huruma yenye maarifa kwetu ni kukaa mbali, kuwaondoa watoto, na kumwachia nyoka njia aende zake. Na mtu akiumwa, wale wampendao hukimbilia kumchanja kwa wembe na kumfunga kamba kwa nguvu. Hayo huongeza madhara. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi.

Ndugu zangu, tutazame sasa huruma yetu sisi kwa sisi. Twamtembelea mgonjwa wa kisukari na kreti ya soda, kisha twasikitika akikataa. Twamwombea mgonjwa, na hilo ni jema. Lakini wengine humwambia aache dawa zake ili aonyeshe imani, na baada ya miezi michache twachimba kaburi. Mjane twamletea khanga tatu, naye alihitaji mtu wa kufuatana naye barazani shamba lake lisichukuliwe. Kijana aliyesaidiwa ada ya shule twamkumbusha kila Jumapili, hata akaona afadhali asali kwingine. Tulimponya, lakini hatukumwachilia.

Bartimayo alipopaza sauti kando ya njia ya Yeriko, kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Bwana Yesu naye aliona. Hata hivyo alisimama, akamwita, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Yeye ajuaye yote aliuliza kwanza. Na alipomponya hakumfunga kwake. Alimpa ruhusa kwenda zake, na Bartimayo akachagua mwenyewe kumfuata njiani.

Mwezi huu, kila mmoja wetu atakapokwenda kumwona mgonjwa, mfiwa au mhitaji, kabla ya kufungua kikapu chake na aketi, aulize, asikilize jibu mpaka mwisho.

Tuombe. Ee Mungu, uliyeumba hata viumbe tunavyoviogopa na kukijua chakula cha kila kimoja, utupe mioyo yenye huruma na masikio yenye subira, tusije tukawaumiza wale uliotupa tuwatunze. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.