Mawe na Majina

Wahenga walisema tembea uone. Lakini hawakusema kwamba macho peke yake yanatosha. Mtu anaweza kutembea siku nzima, akaona mengi, na bado akarudi nyumbani bila kuliona lililo kubwa. Kwa hiyo napenda kuuliza: tunapokwenda kutazama miji ya kale, tunatazama nini hasa? Je, kitu kilichobaki ndicho kilichostahili kubaki?

Swali hili si la wasomi peke yao. Kwetu Lipangalala, pale Ifakara, kipo kiwanja cha marehemu bibi yetu mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa kwa nyasi. Ilianguka zamani na mvua ikaimaliza. Leo umebaki mwembe, na makaburi manne yasiyo na saruji. Baadhi ya ndugu wanataka kiwanja kiuzwe, na hoja yao ni fupi: "Pale hakuna kitu." Neno hilo lilinikaa moyoni, nami nilikwenda nalo pwani.

Nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli zangu. Siku moja nilimchukua mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, tukapanda basi la asubuhi kwenda Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi. Tulianzia Kaole, kilomita 5 kusini mwa mji. Huko kuna magofu ya misikiti miwili, mmoja ukiwa na asili ya karne ya 13, pamoja na makaburi yenye nguzo ndefu. Zamani vyombo vya baharini vilifika karibu; leo mikoko imeiziba bandari na bahari imekaa mbali.

Kuta za Kaole ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo. Basi fikiri, msomaji, nyuma ya ukuta mmoja kuna mtu aliyevunja mawe, mwingine aliyekata magogo, mwingine aliyechochea moto, mwingine aliyebeba maji. Ukuta umebaki. Hao wote hawakuandikwa popote juu yake.

Mpwa wangu aliuzunguka msikiti kimya, kisha akaniuliza, "Mjomba, mbona sisi kwetu hatuna magofu? Ina maana wazee wetu hawakufanya kitu?"

Nilimwambia, "Ngoja kwanza tuumalize mji, halafu tutazungumza."

Tukarudi Bagamoyo. Tuliliona boma la Wajerumani la mwaka 1897, na milango ya nakshi katika mitaa ya zamani. Tulifika misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, tukasimama chini ya mnara ambapo mwili wa David Livingstone uliwekwa Februari 1874. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, na wafuasi wake Waafrika, watu wapatao 60, wakaubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi pwani. Majina ya Chuma, Susi na Jacob Wainwright yanatajwa mara kwa mara. Halima, aliyekuwa mpishi, hutajwa mara chache zaidi. Mnara unaitwa kwa jina la aliyebebwa. Waliobeba hawana mnara.

Hapo ndipo nilipompa mpwa wangu jibu. Nilimwambia: pembe za ndovu zilizoutajirisha mji huu hazikuota ufukweni. Zilitoka bara, mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, kwa mamia ya kilomita. Wengine walifika wakiwa watumwa. Ndiyo sababu jina la Bagamoyo lina maelezo mawili. Wako wanaosema ni "bwaga moyo" ya mpagazi aliyetua mzigo akapumzika. Wako wanaosema ni ya mtumwa aliyeuacha moyo wake hapa kabla ya kuvushwa bahari. Mlango wa nakshi haukuambii ni yupi kati ya hao wawili aliyeulipia. Na mpagazi aliporudi kwao, alilala katika nyumba ya udongo kama ya bibi yako. Je, utasema naye hakufanya kitu?

Wala udongo si alama ya uvivu. Bonde la Kilombero halina matumbawe, na mito yake hufurika masika. Mndamba aliyeishi kwa mtumbwi na samaki alihitaji nyumba inayojengwa upesi pale maji yanapomruhusu. Ujuzi wake aliuweka katika kuyasoma maji, kuchonga mtumbwi na kuchagua shamba la mpunga. Ujuzi huo haugeuki gofu. Hurithiwa, au hufa.

Sisemi tuyadharau mawe. Waliosali Kaole walikuwa watu, na makaburi yao yanastahili heshima. Hata Ulaya mambo ni hayo hayo. Kule Italia kuna mji wa kilimani uitwao San Gimignano, uliositawi wakati Kaole nayo ilipokuwa hai. Wageni huenda kutwa moja kutazama minara 14 iliyobaki, ambayo koo za matajiri zilijenga kwa kushindana nani atapanda juu zaidi. Minara hiyo ni mizuri. Hata hivyo inatuambia nani alikuwa na fedha, haituambii nani alikuwa na utu. Jiwe ni shahidi wa kweli, lakini ni shahidi wa upande mmoja. Mgeni mwadilifu hulisikiliza, kisha huuliza habari za wale wasio na jiwe.

Narudi kwenye kiwanja chetu. Wanaotaka kuuza si watu wabaya. Wana watoto wa kusomesha, na aliye hai ana haki juu ya waliokufa: njaa ya leo haiponi kwa kumbukumbu. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni ile hoja yao. Kama wangesema, "Pale pana bibi yetu, lakini tuna shida," tungekaa chini kama ndugu tukapima uzito wa mambo mawili. Wanaposema "hakuna kitu," wameshamaliza kupima kabla hawajaweka chochote kwenye mizani.

Msimamo wangu nimewaeleza. Sehemu ya kiwanja iuzwe ikibidi, lakini makaburi na mwembe vibaki, na kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, majina ya waliolala pale yaandikwe na kila mtoto wa ukoo apewe nakala. Mpwa wangu amekubali kuwa mwandishi. Jina la nne halikumbukwi na yeyote kati yetu isipokuwa mama mkubwa, naye ana miaka 84. Yote mengine yanaweza kusubiri. Hilo haliwezi.