Je, Ni Tamaa Kuuliza Kama Umo Kwenye Wosia?



Vijana wenzangu, swali hili limenifikia zaidi ya mara moja. Bibi kafariki, arobaini imepita, inasemekana aliacha wosia, na karatasi anayo baba mkubwa. Nikiuliza kama jina langu limo, natenda dhambi?

Wengi hukimbilia Luka 12, yule mtu aliyemwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi. Yesu alikataa kuwa mwamuzi wao, akaonya juu ya choyo. Basi tunanyamaza, tunajiita wanyenyekevu, huku moyoni tunachemka.

Sasa soma Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao kafia jangwani bila mtoto wa kiume. Hawakunong'ona jikoni. Walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, kuhani Eleazari na mkutano wote, wakaomba sehemu yao. Musa mwenyewe hakuwa na jibu! Alilipeleka shauri kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti hao wana haki.

Kwa hiyo mimi nasema uliza, ila mchana kweupe. Mpe baba mkubwa shikamoo yake, shangazi akiwepo, uulize wosia uko wapi na nani walishuhudia. Wakikuzungusha, hapa Tanzania hilo si mwisho. Nenda kwenye mahakama iliyo karibu na alikoishi marehemu, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, uulize kama shauri la mirathi limefunguliwa na nani ameomba kuwa msimamizi. Mwenye maslahi anaruhusiwa kuweka pingamizi. RITA nao huhifadhi wosia, kwa hiyo huenda bibi aliuweka huko. Kwenda mahakamani kuuliza si kumshtaki baba mkubwa, hata kama wapo watakaokwambia hivyo.

Sehemu ngumu ni pale wosia unaposomwa na jina lako halimo. Pengine bibi kampa shamba yule aliyemuuguza usiku, na wewe ulikuwa mbali. Hapo ndipo Luka 12 inapokuhusu kweli, kwa sababu sasa unajua, na bado unataka.

Wakati unasubiri majibu, pita ofisi ya parokia uandikishe nia ya Misa kwa ajili ya bibi. Hiyo haihitaji saini ya msimamizi.